Kikohozi cha Kanda ya Kumi na Tisa

Bangkok, 9 Machi, mwaka 2530 wa Buddha

Kwa Baba Mkubwa Choem,

Shikamoo. Nakuinamia kutoka huku niliko, wewe pamoja na Mama Mkubwa Sai. Sisi tu wazima, ila Mama Mdogo Nuan magoti yanamsumbua, na nyumba yetu ina ngazi ishirini na mbili. Kila akipanda anazihesabu kwa sauti ili sote tumsikie. Anawasalimu, na anauliza kama samaki wa mto Mae Klong mwaka huu wamenona au mnatafuna miiba kama sisi wa mjini.

Najua hujapata barua yangu tangu mwaka juzi. Sina udhuru, Baba Mkubwa. Nimechoka tu, na mtu aliyechoka huahirisha.

Nimehamishiwa chumba cha sauti cha maktaba ya chuo. Usidhani ni mahali pa fahari. Kiko chini kabisa, hakina dirisha, mashine ya kupoza hewa ilikufa kabla sijafika. Ndani mna kanda zaidi ya mia tatu ambazo watu walirekodi zamani, wakazipanga rafuni, wakaenda zao. Nyingi zimeota ukungu. Nyingine zinanuka siki, na kanda ikishanuka siki haina muda. Kazi yangu ni kuzisikiliza moja moja, kuzinakili kwenye kanda mpya, na kuandika kadi: nani anapiga, wimbo gani, alifundishwa na nani. Wapigaji wengi wameshakufa. Mchana kutwa nakaa na marehemu masikioni, na nikitoka sina hata hamu ya kuzungumza na walio hai.

Sasa shabaha ya barua. Kanda ya kumi na tisa ni ya baba. Sikujua kama ipo. Juu ya boksi wameandika: "Thuan wa Amphawa, duara la patu, Wimbo wa Kuwaita Walimu, Januari 2513." Nilivaa spika za masikioni nikazivua, nikazivaa nikazivua. Mara ya tatu nikasikiliza hadi mwisho.

Mkuu wetu anasema hii ndiyo nakala pekee ya wimbo ule, na wanafunzi wa chuo wameanza kujifunza kwayo. Lakini kuna kitu hakijakaa sawa. Mimi si mpigaji, wajua tangu lini. Hata hivyo kuna pahala katikati sikio langu lilijikwaa. Naomba unipe ruhusa nije na kinasa sauti, uupige wimbo wote kwa njia ya nyumba yetu. Umebaki wewe peke yako.

Mwanao,
Rampha


Amphawa, 2 Aprili 2530

Rampha mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia imelowa chapachapa. Mleta barua ameangusha mfuko mferejini kwa mara ya pili mwaka huu, na bado anasimama gatini kusubiri apewe balungi. Mama Mkubwa wako akampa. Mimi ningempa maganda.

Sisi tupo. Ukisikia mzee wa miaka sabini na mmoja anasema yupo, shukuru, usimdodose. Minazi inatoa utomvu kidogo kwa sababu ya jua, kwa hiyo na sukari tunayochemsha ni kidogo. Samaki hawajanona. Mwambie Nuan ngazi hazipungui kwa kuhesabiwa.

Kazi ya muziki ndiyo hiyo ya kuganga njaa. Mwezi uliopita hekalu letu lilikuwa na mazishi matatu, mawili yamefanywa kwa kaseti. Kaseti haili, hailewi, haiombi mahali pa kulala. Mazishi ya tatu walituita kwa sababu marehemu aliacha usia. Tulikwenda wazee wanne. Mpiga zumari alisinzia katikati ya wimbo nikamchomeka kipigio mbavuni, akaendelea pale pale alipoachia, hakuna aliyejua. Na jua hili linayeyusha nta tunayobandika chini ya patu kurekebisha sauti. Inadondoka mkekani. Nina patu kumi na sita za shaba zilizopangwa duara, na kila asubuhi nabandika upya. Nimechoka kubandika.

Kuhusu kanda yako. Waambie hao wanafunzi watafute wimbo mwingine. Ule haufundishwi kwa mashine. Mtu hushikwa mikono, siku ya Alhamisi, mbele ya ngoma ya mwalimu, uvumba ukiwaka, akapigishwa mapigo matatu ya kwanza. Na wa kumshika ni yule aliyeshikwa kabla yake, hivyo hivyo kurudi nyuma mpaka kwa wale tusiowajua majina. Mashine haina mikono. Hili unalijua wewe kuliko mtu yeyote.

Sikio lako limejikwaa mahali penyewe. Sisemi zaidi.

Usije sasa. Joto ni kali.

Baba yako mkubwa,
Choem


Bangkok, 20 Aprili 2530

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Sikukuu ya maji imepita salama. Nilimmwagia Mama Mdogo Nuan maji ya maua mikononi, akanibariki, halafu akasema sasa nimmwagie na magotini, labda yatasikia. Nilikukumbuka. Miaka kumi na sita sijakumwagia wewe maji.

Hilo la "wewe kuliko mtu yeyote" nimelisoma. Nimelikunja nikaliweka.

Nina swali moja dogo la kazi. Kanda ya baba inapofika katikati, karibu na pale nilipojikwaa, kuna kikohozi. Si cha msikilizaji, ni chake mwenyewe. Mkono wa kushoto unaendelea, wa kulia unanyamaza mapigo mawili, anakohoa, kisha wa kulia unarudi. Baadaye tena, mara mbili, kikavu, kama mtu anayejaribu kukimeza. Fundi wetu anataka kukikata ili nakala iwe safi. Nimemwambia asubiri.

Nakumbuka baba alikuwa anakohoa nyumbani. Alisema ni moshi wa jiko la sukari, na sote tulikuwa tunakohoa pale, hata paka. Lakini kanda hii ilirekodiwa huku mjini, kwenye chumba kilichofungwa. Hakuna jiko. Hakuna moshi.

Baba Mkubwa, alianza lini kukohoa?

Na ruhusa ya kuja bado naiomba.

Rampha


Amphawa, 30 Mei 2530

Rampha,

Marahaba. Mvua imeanza, paa la jikoni linavuja juu ya sufuria ya sukari, Mama Mkubwa wako anachemsha akiwa na mwavuli. Ameniambia nipande nikazibe. Nimemwambia nikipanda sitashuka, nitashushwa.

Mpiga zumari amefariki. Hakuwa mgonjwa, alisinzia tu kama kawaida yake. Tumempigia wazee watatu, bila zumari. Ilikuwa kama kula wali bila kitoweo, lakini tumeumaliza.

Umeniuliza habari ya pale katikati, nikueleze ili uache kusumbuka. Nyumba zote za wapigaji zina njia ya ndani na njia ya nje. Ya ndani ni ya damu na ya walioshikwa mkono. Ukiona mgeni amekaa kwenye ngazi, kichwa kimeinama, kidole kinagonga goti, ujue ni mwizi wa nyimbo, basi unapita njia ya nje. Mwanzo ni ule ule, mwisho ni ule ule, katikati unampeleka kwingine. Anaondoka kafurahi, kabeba ganda. Babu yako alifanya hivyo, nasi tukafanya.

Mashine ile ilikuwa mgeni aliyekaa kwenye ngazi. Baba yako aliipitisha njia ya nje. Mimi ndiye niliyemwamuru.

Kwa hiyo kanda yenu ni ganda. Itupe.

Choem


Bangkok, 11 Juni 2530

Baba Mkubwa Choem,

Shikamoo. Poleni kwa msiba. Nilimpenda yule mzee. Aliwahi kunifundisha kupuliza zumari kwa jani la mnazi, akasinzia kabla sijatoa sauti.

Barua yako nimeisoma kazini, nikakaa bila kufanya lolote mpaka walipokuja kufunga mlango. Nina hasira, na naona bora niseme kuliko niandike salamu za uongo. Wanafunzi arobaini wanafundishwa ganda. Wakizeeka watawafundisha wengine arobaini. Mwalimu wao anawaambia, "Hii ndiyo njia ya Amphawa," nao wanaandika. Mwizi hakuiba chochote, Baba Mkubwa. Tumejiibia sisi.

Ulijibu lisiloulizwa, nililouliza ukalipita. Basi na mimi nitasema lile ambalo hatulisemi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alinifundisha wimbo ule kwa mdomo, nong, neng, noi, huku anakoroga sukari, nami namshikia kinga cha moto. Hakunishika mikono. Alisema nitashikwa nikikua. Jumanne moja mwezi wa Juni, mwaka 2514, mlikuwa mmekwenda kwenye mazishi na mlichukua patu za safari, zile kubwa zikabaki. Nikakaa katikati ya duara nikaupiga wote. Mlirudi mapema. Wewe ndiye uliyetangulia kupanda ngazi. Wiki ile ile baba akatema damu, na Agosti akafa. Ukasema mbele ya jeneza, watu wote wa mferejini wakisikia: "Mkono usioshikwa umemuua mwalimu wake."

Sijagusa upatu tangu siku ile. Sikulilii, nakueleza tu. Nimeishi nalo, nimesoma nalo, naenda nalo kazini.

Kwa hiyo nauliza tena, na mwaka wa kanda ni 2513. Alianza lini kukohoa?

Rampha


Amphawa, 25 Julai 2530

Rampha,

Marahaba. Watawa wameingia hekaluni kwa miezi ya mvua. Mama Mkubwa wako ana mafua. Paa bado linavuja.

Umeitaka njia ya ndani, hii hapa. Nimeazima kinasa sauti cha mwalimu wa shule na nimekipigia mwenyewe. Kaseti imo ndani ya kitambaa, na kitambaa ndani ya kopo la majani ya chai, kwa sababu namjua mleta barua.

Usiniandikie kitu kingine.

Choem


Bangkok, 8 Agosti 2530

Baba Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Umesema nisikuandikie, naandika, nisamehe. Mama Mdogo Nuan amepata dawa ya kupaka, sasa anazihesabu ngazi kimoyomoyo, tunaona midomo tu. Mpe Mama Mkubwa pole ya mafua. Nimeweka mizizi ya tangawizi iliyokaushwa kwenye lile kopo, ninalirudisha.

Kaseti imefika kavu. Nimeisikiliza pande zote mbili mpaka mwisho, hata ile sehemu uliyosahau kuzima mashine. Nimemsikia Mama Mkubwa anakuita ukale. Alikuita mara tatu, nawe ukasema, "Bado, bado kidogo," ukaanza tena.

Sitaiweka rafuni. Nimeiweka kwenye kabati langu, pamoja na nguo.

Habari za kikohozi sitakuuliza tena. Kama paa bado linavuja, tafadhali usipande wewe.

Mwanao,
Rampha


Amphawa, 1 Septemba 2530

Rampha mwanangu,

Marahaba, na ahsante ya tangawizi. Mama Mkubwa wako amepona, au ameamua kupona, maana kazi ya sukari haimngoji mtu.

Ungenitukana ingekuwa afadhali. Umeandika habari ya kuitwa chakula, nikajua umesikia. Mara tano nimeanza wimbo ule kwenye kaseti, na mara tano mikono imefika katikati ikaenda njia ya nje. Niliapa ya tano itakuwa yenyewe. Ikaenda kule kule.

Haikuanza Julai. Baada ya Thuan kufa nilikuwa naupiga wimbo ule mara moja kwa mwaka, siku ya kuwaabudu walimu, na kila mwaka wageni wanaongezeka, wana vinasa sauti vidogo chini ya makalio kama mayai ya kuku. Nikawa napita njia ya nje. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa kumi. Njia ya ndani nikaiweka akiba, nikajiambia ipo, haiendi popote. Miaka mitatu iliyopita nilitaka kuipiga niko peke yangu, kwa kujifurahisha tu. Nikaenda kuichukua, haipo. Natafuta mpaka leo. Nalala nayo kwenye ncha ya kidole, nikiamka imeondoka. Ndiyo maana nilikuambia joto ni kali.

Sasa la pili. Wahenga walisema mficha ugonjwa, kifo humuumbua. Thuan kimemuumbua zamani, na mimi naona zamu yangu imekaribia, kwa hiyo nasema.

Januari ile tulikwenda mjini sote wawili. Kabla ya kuingia kwenye chumba cha kurekodia aliniambia, "Kaka, tuipe mashine ile ya ndani. Mimi sidhani kama nitapata muda wa kumshika mtu mkono." Nikamwambia asilete uchuro, mimi ndiye mkubwa, atapita nje. Hakuwa mtu wa kujibizana. Akaingia akapiga kama nilivyotaka, akakohoa kama ulivyosikia. Tulipotoka nilimburuta mpaka hospitali. Daktari akaweka picha ya kifua kwenye taa. Mimi sisomi picha za kifua, lakini ile hata kipofu angeisoma. Tukarudi Amphawa. Tulipofika gatini akasema, "Mtoto asijue. Mwache adhani ni moshi."

Alikuwa mgonjwa mwaka mmoja na nusu kabla ya Jumanne yako, Rampha. Nilijua. Nilijua siku ile niliyosema yale maneno mbele ya jeneza.

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza pia. Nilipopanda ngazi siku ile nilisikia njia ya ndani inatoka mikononi mwa mtoto wa kike wa miaka kumi na mmoja, safi kuliko nilivyowahi kuipiga mimi. Nikaona wivu kabla ya hasira. Na alipokufa nikakumbuka alivyoniomba pale mlangoni. Nilishindwa kulibeba lile, nikatafuta mtu wa kumtwika. Ulikuwa umesimama karibu.

Sikuombi unisamehe. Nimechoka, na kuomba msamaha ni kazi ya mtu anayetarajia kupewa.

Usimruhusu fundi akate kile kikohozi.

Choem


Bangkok, 10 Septemba 2530

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Wote wazima.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Kuna siku nimekuchukia toka asubuhi hadi jioni. Kuna siku nilijikuta nacheka peke yangu kwa ajili ya mayai ya kuku. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia na langu, kwa sababu na mimi nimeficha.

Tangu Machi nimekuomba unipigie njia ya ndani. Njia ya ndani ninayo. Sikio lisiloijua njia ya ndani lisingejikwaa kwenye ya nje. Siku niliyosikia kanda ya baba, vidole vyangu viliipiga yote juu ya meza ya kazi, bila kuniuliza. Kila siku vinaipiga. Ninaposubiri wali uive, ninapohesabu kadi. Sikukuambia kwa sababu mkono wangu ni ule usioshikwa, na niliogopa nikiupiga tena tutakuzika na wewe. Usicheke. Mtu akiambiwa jambo mbele ya jeneza ana miaka kumi na mmoja, analiamini hata akiwa na shahada.

Mficha uchi hazai, Baba Mkubwa. Sisi wawili tumeficha mpaka nyumba yetu imekuwa tasa.

Alhamisi ya tarehe 24 nitakuja. Nitafika na boti ya asubuhi. Nitaleta kichwa cha nguruwe, maua, uvumba na kinasa sauti cha maktaba, kile kikubwa. Kama hutaki kunishika mikono, nitakula chakula cha Mama Mkubwa nirudi. Lakini sitaupiga bila kushikwa. Sasa si kwa kuogopa. Nataka tu baba ahesabiwe kuwa alimaliza kazi yake.

Rampha


Amphawa, 19 Oktoba 2530

Rampha mwanangu,

Marahaba. Salamu za huku ni nzuri. Fundi amekuja kuziba paa, ameziba penye tundu na kufungua tundu jingine hatua mbili kando. Mama Mkubwa wako amesogeza sufuria. Kile kichwa cha nguruwe tulikila siku nne, mpaka mleta barua naye amepata sikio moja. Amelipokea kwa mikono miwili, na tangu hapo barua zinafika kavu.

Alhamisi ile ulipokuja sikusema neno. Niliona ulivyoondoka, umeinama kwenye boti, umekumbatia ile mashine, ukidhani nimechukia. Ukaniachia kaseti mbili juu ya mkeka bila kuniambia, yako ya siku ile na nakala ya kanda ya zamani. Ni kosa langu. Nilikushika mikono kwa mapigo matatu ya kwanza, nikakuachia. Na ulipofika katikati ukaingia ndani, nikasikia Thuan anapita, na mtu hazungumzi mwalimu akiwa anapita. Ukamaliza, nikaanza kukusanya vipigio. Mama Mkubwa wako akauliza kama wali upakuliwe. Ndivyo ilivyokwisha.

Njia ya ndani mimi haitanirudia. Nimejaribu baada ya wewe kuondoka, kufuatisha kaseti yako. Mkono mzee ni kama ng'ombe wa jembe, unajua shamba moja. Basi, siung'ang'anii tena. Nimelala vizuri usiku kadhaa.

Kwenye karatasi ya maktaba uliyoiacha pamoja na kaseti umeniuliza kadi iandikwe vipi. Andika hivi. Kanda ya kumi na tisa: Thuan anapiga, njia ya nje, aliipiga kwa amri ya kaka yake, kaka yake alikosea. Kikohozi kibaki. Kanda mpya: Rampha anapiga, njia ya ndani, alifundishwa na baba yake kwa mdomo, alishikwa mikono na Choem. Usiandike "mwalimu Choem". Andika Choem. Na hao arobaini, wakitaka, waje kwako siku za Alhamisi. Mashine iwakumbushe tu. Mikono unayo wewe.

Jambo la mwisho ni la kazi. Nimesikiliza kaseti yako kila siku tangu ulipoondoka, kwa kinasa sauti cha mwalimu wa shule, nimekaza masikio kama wale wageni wa kwenye ngazi, na nimekukuta na kosa. Mzunguko wa tatu, kabla ya kuingia ndani, mkono wako wa kushoto unachelewa. Ni kidogo, lakini unachelewa. Niliandika barua nzima ya kukukaripia. Kisha nikaiweka humo ile nakala ya kanda ya zamani uliyoniachia, niisikilize kwa mara ya kwanza tangu tuirekodi. Mzunguko wa tatu, Thuan naye anachelewa, mkono ule ule, pale pale. Nikakumbuka nilimfokea kwa ajili ya hilo miaka thelathini, na kila nikimfokea alikuwa anatabasamu.

Barua ya kukukaripia nimewashia jiko la sukari.

Usipasahihishe.

Baba yako mkubwa,
Choem